Saa nyingi mtandaoni si dalili ya uraibu. Wewe unajipimaje?

#1 KengeleKimya (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa uraibu wa mtandao huanza na swali bovu: "Unakaa mtandaoni saa ngapi?" Saa peke yake hazisemi kitu. Mhariri wa video anaweza kukaa saa 10, akazima mashine na siku yake ikawa imeisha salama. Mwingine anakaa saa 2 tu, lakini saa hizo kaziiba kwenye usingizi, kila siku, na kila siku aliapa kwamba leo hapana. Hapo nani mraibu?

Mimi naona dalili zenye uzito ni nne. Kwanza, unavunja neno ulilojipa mwenyewe: ulisema dakika 10, ikawa saa na nusu, na siyo mara moja. Pili, unaficha. Mtu akipita unageuza skrini, ukiulizwa muda unaupunguza, unafuta historia ambayo haina hata cha aibu. Tatu, ukinyimwa unabadilika: unakuwa mkali, hutulii, unazunguka nyumba. Nne, unaingia kuzima hisia na wala hukuwa unatafuta kitu.

Kipimo rahisi: kabla ya kufungua simu, taja kwa sauti unachokwenda kufanya. "Namjibu fulani." "Naangalia ramani." Ukishindwa kutaja, weka alama kwenye karatasi. Siku 7. Karatasi, siyo simu, maana ukiifungua simu kuweka alama utasahau ulichofuata.

Pingeni.

#2 Pwagu99
Siti ya mbele. Ila mkuu, uzi umeupandisha saa 8:47 usiku. Naliacha hapo hapo.

#3 KengeleKimya
Hiyo ni saa ya seva, haijui ninakolala. Tuendelee.

#4 Mzee wa Logi
Dalili hizo si ngeni. Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Marekani, alichukua vigezo vya kamari iliyopindukia akavigeuza kuwa maswali 8 kuhusu mtandao. "Ndiyo" 5 kati ya 8 ilimtosha kusema kuna tatizo. Mwaka 1998 akatoa kipimo kirefu cha maswali 20, alama 1 hadi 5 kila swali, kwa hiyo wa chini kabisa ana 20 na wa juu ana 100.

Watu hukijaza vibaya kwa njia tatu. Wanajibu wakiifikiria jana, na jana ikiwa mbaya kila jibu linapanda. Jibu ukiufikiria mwezi mzima. Wanachanganya muda wa kazi na masomo, na huo hauhesabiwi. Halafu wanakwama kwenye maneno ya zamani. Swali la kukimbilia barua pepe kabla ya jambo unalopaswa kufanya liliandikwa wakati barua pepe ndiyo iliyokuwa ikivuta mkono. Weka badala yake chochote unachokifungua kwanza ukiamka.

Na usikijaze peke yako. Mpe mtu unayeishi naye nakala ya pili akujazie wewe. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ina faida kuliko jumla ya alama.

#5 ChuraKiziwi
Mzee yuko sawa, ila jina lenyewe lilianza kwa utani. Mwaka 1995 daktari wa akili Ivan Goldberg aliandika vigezo vya kubuni vya "ugonjwa wa uraibu wa intaneti" kukejeli jinsi mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili unavyopenda kugeuza kila tabia kuwa ugonjwa. Mojawapo ya dalili alizoweka: vidole kuchapa hewani, kwa hiari au bila hiari. Watu wakamwandikia kwamba wanao ugonjwa huo.

Na hadi leo "uraibu wa mtandao" kama jumla haumo kwenye orodha rasmi. Mwongozo wa Marekani wa 2013, DSM-5, uliweka magemu ya mtandaoni peke yake, tena kwenye sehemu ya mambo yanayosubiri utafiti zaidi: vigezo 9, ukitimiza 5 ndani ya miezi 12. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, limeingiza ugonjwa wa magemu ukiwa jirani wa kamari. Mambo matatu yanaangaliwa: umeshindwa kujizuia, gemu limepanda juu ya shughuli nyingine zote, na unaendelea ingawa madhara unayaona. Kwa kawaida iwe miezi 12, isipokuwa hali ni mbaya sana.

Kwa hiyo anayesema "nimepimwa nina uraibu wa intaneti" muulize kapimwa kwa kigezo kipi.

#6 Pwagu99
Yaani mtu kafanya utani, watu wakaugua.

#7 Bi Shubiri
Kusema "uraibu wa mtandao" ni sawa na kusema uraibu wa glasi. Ndani ya glasi kuna nini?

Fungua ripoti ya matumizi kwenye simu, chukua programu 3 za juu, mbele ya kila moja andika neno moja la unachokwenda kuchukua huko. Kila kinywaji kina dalili zake. Kamari: unaongeza dau ili kurudisha ulichopoteza, na unajua salio lako kuliko unavyojua tarehe. Ununuzi: mzigo unafika na haufunguliwi siku tatu, maana raha ilikuwa kwenye kubonyeza. Picha za ngono: unachotafuta leo kisingekuvutia mwaka jana, na mwenzi wako halisi anaanza kukuchosha. Habari: unasoma tukio lilelile kwenye vyanzo vitano na cha tano hakina jipya. Magemu: chakula kinapoa mezani, mkojo unabanwa hadi raundi iishe. Mabishano: unatunga majibu kichwani ukiwa bafuni.

Ukiziweka zote kwenye kapu moja utampa mcheza kamari ushauri wa kuzima arifa, na pesa yake itaendelea kuondoka kimyakimya.

#8 KengeleKimya
Hilo la bafuni umenilenga mimi?

#9 Bi Shubiri
Aliyelowa anajijua.

#10 fundi_skrini
Mleta mada, hoja yako kwamba saa hazisemi kitu naikubali nusu. Tatizo ni kwamba watu wanaiangalia namba moja. Ripoti ya simu (iPhone na Android zote zinayo tangu 2018) ina namba mbili za maana: jumla ya dakika na idadi ya mara ulizoifungua simu. Ya tatu ihesabu mwenyewe: dakika ngapi zimepita tangu uamke hadi uishike.

Gawanya dakika kwa mara za kufungua. Dakika 240 kwa mara 120 ni dakika 2 kila safari. Huyo anadonoa kama kuku. Mkono unaenda kabla ya akili. Dakika 240 kwa mara 8 ni nusu saa kila safari. Huyo anazama. Jumla yao ni moja, ripoti inawasema sawasawa, na dawa zao hazifanani. Anayedonoa anasaidiwa na umbali: simu chumba kingine, arifa zote zizimwe isipokuwa simu za kupigiwa na ujumbe wa watu wachache. Anayezama hashtuliwi na arifa kabisa. Yeye anahitaji mwisho: kuzima video zinazojianzisha zenyewe, na kengele iliyo mbali na kiti ili asimame kuizima.

Ripoti nayo inadanganya. Ramani iliyowashwa safari nzima inaandikwa kama matumizi. WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta haionekani kwenye simu. Mwenye simu mbili anasoma ripoti ya ile njema.

#11 Nyota ya Alfajiri
Mnazunguka tu. Ni dopamini, ile kemikali ya ubongo. Kila ukiskroli ubongo unamwaga dopamini, unapata raha, unataka tena. Funga simu siku moja dopamini ishuke, basi.

#12 ChuraKiziwi
Hapana dada, dopamini haikai kama maji kwenye tanki ukayafungulia yakaisha.

Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli za dopamini kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli ziliwaka juisi ilipokuja. Nyani walipojifunza kwamba kuna ishara inayotangulia, seli zikahamia kuwaka kwenye ishara, na juisi yenyewe ikawa haiziwashi tena. Ishara ikija na juisi isije, zinashuka chini ya kawaida. Kwa hiyo inahusu kutarajia na kujifunza zaidi kuliko raha. Kutaka kitu na kukifurahia ni njia mbili tofauti kichwani.

Hapo ndipo inapopatikana dalili ambayo mleta mada ameiacha. Kabla ya kufungua, jipe alama 0 hadi 10: nakitaka kiasi gani? Baada ya dakika 20, nyingine: nimefurahia kiasi gani? Ukiona 8 na 2, 9 na 3, siku baada ya siku, na bado unarudi, hiyo ni dalili nzito kuliko saa. Mwenye mapenzi tu na kitu hupata 8 na 8.

Na kwa nini kuskroli na siyo kusoma kamusi? Kwa sababu malipo hayatabiriki. Mwanasaikolojia Skinner alionyesha kwa njiwa waliofungiwa kwenye kijisanduku kwamba ukimlipa baada ya idadi ya midono isiyojulikana, anadonoa kwa bidii na hachoki upesi hata malipo yakikatika. Video ya 4 nzuri, 5 hadi 11 takataka, ya 12 nzuri.

#13 SinaBando
Basi kwa nini tunampima njiwa na siyo aliyetengeneza kijisanduku? Gazeti lina ukurasa wa mwisho, kitabu kina jalada. Ule ukurasa usio na mwisho ulibuniwa 2006 na Aza Raskin, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anaujutia. Mtu wa kawaida akikosa pa kusimamia akaendelea, hiyo ni kazi ya mhandisi, siyo dalili ya ugonjwa.

Jipime hivi: tumia huduma ileile kwa njia yenye mwisho. Mfano soma kwenye kompyuta, kwenye kivinjari, umeingia kwa nywila kila mara. Muda ukianguka wenyewe bila wewe kujikaza, tatizo lilikuwa umbo la chombo. Usipoanguka, ndipo tuzungumze kuhusu wewe.

#14 Mzee wa Logi
Kipimo kizuri hicho, kuliko hoja iliyokitangulia. Chombo ni kilekile kwa mamilioni, wanaozama ni wachache.

#15 SinaBando
Na pombe ni ileile kwa wote, Mzee, ila bado tunaweka sheria kwa muuzaji.

#16 Mzee wa Logi
Sheria nazo zimejaribiwa. Korea Kusini mwaka 2011 waliwafungia watoto chini ya miaka 16 magemu ya mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Watoto wakaingia kwa vitambulisho vya wazazi, magemu yakahamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa, na mwaka 2021 wakaamua kuifuta.

#17 Shuwari
Wote mnaongea kana kwamba simu ndiyo chanzo. Mara nyingi ni moshi, moto uko kwingine: sonona, wasiwasi wa kukaa na watu, upweke, au ule ugumu wa umakini ambao mtu kazaliwa nao na hajui jina lake.

Cha kufanya: chora mstari wa muda wa miaka 2 nyuma. Juu ya mstari weka matumizi yalipopanda. Chini weka usingizi ulipoharibika, hamu ilipokufa, msiba, kuachwa, kukosa kazi. Angalia kipi kilitangulia. Kisha angalia simu inashikwa wakati gani. Ikishikwa kila mara unapotakiwa kuanza kazi ngumu, na siyo katikati yake, shida ni kuanza. Simu ni mlango wa kutorokea tu. Ikishikwa kabla ya kukutana na watu au mara baada ya kuachana nao, fuatilia wasiwasi.

Ukiona huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki 2, acha kwanza habari za kuskroli, kamwone mtaalamu kuhusu hilo. Na mawazo ya kujiumiza hayasubiri karatasi ya siku 7. Unaenda leo.

#18 Nyota ya Alfajiri
Asante kwa #12, nimeelewa. Lakini Shuwari, haiwezi kuwa kinyume? Kuskroli kunakata usingizi, kukosa usingizi kunaleta huzuni.

#19 Shuwari
Inaweza, na ikishakuwa duara mstari wa muda haukuonyeshi mwanzo. Hapo tengeneza usingizi kwanza maana ndio unaojibu haraka. Wiki 2 za kulala saa 7 au zaidi, simu nje ya chumba. Huzuni ikipungua, umepata jibu lako. Isipopungua, umepata la kwangu.

#20 Pwagu99
Simu nje ya chumba, na kengele ya kuamka je?

#21 fundi_skrini
Saa ya mezani ya betri.

#22 Pwagu99
Ile inapiga kelele usiku kucha. Tik tok, tik tok.

#23 Bi Shubiri
Jina hilo hilo ulilokuwa unalikimbia.

#24 Nyota ya Alfajiri
😂😂 Na mwanga wa bluu? Nikiweka skrini ya manjano usiku inatosha?

#25 ChuraKiziwi
Haitoshi. Mwanga kweli hurudisha nyuma homoni ya usingizi, lakini manjano haiondoi kile unachokisoma wala saa unayoila. Ugomvi ni ugomvi hata ukiwa wa manjano.

#26 KengeleKimya
Turudi. Nilitegemea mtu ataleta vile vipengele sita vya uraibu vya mwanasaikolojia Mark Griffiths wa Uingereza, hajaleta, nalazimika. Jambo linatawala akili, linabadilisha hali ya moyo, dozi inapanda, ukikosa unapata arosto, linaleta ugomvi na watu au na nafsi, ukiacha unarudia palepale. Yeye anasema lazima vyote sita viwepo.

Mimi nina tatizo navyo. Mpime mtu aliyepata mchumba wiki tatu zilizopita: anamuwaza kutwa, akimwona anafurahi, saa 1 haitoshi tena, akimkosa hali, kazi inadorora, wakigombana anaapa kuacha na jioni yuko mlangoni. Sita kwa sita. Ndiyo maana narudi kwenye neno lililovunjwa. Mchumba hukuapa kumwacha kila usiku kwa mwaka mzima.

#27 Mzee wa Logi
Mfano mtamu, ila umeruka kitu: madhara. Bila hasara inayoonekana nje, vipengele sita ni shauku tu. Hasara ina sehemu chache za kuitafutia, na zote zinahesabika: usingizi uliopungua, kazi zilizochelewa, pesa, mwili (shingo, macho makavu, vifundo vya mkono), na watu walioacha kukualika. Neno lililovunjwa bila hasara yoyote linaweza kuwa ukali wa mtu kwa nafsi yake. Kuna watu wanajiita waraibu kwa dakika 40 kwa siku kwa sababu wamelelewa kuona starehe yoyote ni dhambi.

Kuhusu arosto: ya mtandao inasumbua, haiui. Ya pombe kwa mnywaji mzito inaweza kuleta degedege na kifo, kwa hiyo tusilinganishe ovyo. Na anayejaribu kukaa siku 2 bila mtandao asisome hasira ya saa 6 za kwanza kama ushahidi. Kuchoshwa tu kunafanana nayo sana. Angalia siku ya 2 jioni. Aliyechoshwa keshapata la kufanya, mwenye tatizo keshatafuta kisingizio chenye sura ya dharura: "kuna barua pepe muhimu nasubiri."

#28 Pwagu99
Kwa hiyo humu ndani sote mateja wa bando, tunatofautiana visingizio.

#29 fundi_skrini
Kwa wanaotaka kupima kwa kubana, haya ndiyo yanayoharibika.

Kikomo cha muda kwenye programu kina kitufe cha kupuuza. Baada ya siku 3 kidole kinakibonyeza bila macho. Namba ya siri aiweke mtu mwingine. Kufuta programu hakusaidii kama kivinjari bado kinakumbuka nywila: toka kwenye akaunti, futa nywila iliyohifadhiwa, ndiyo ufute programu. Skrini ya kijivu inafanya kazi kwa anayedonoa, kwa anayezama sijaona ikibadilisha kitu, na picha ukitaka kuziona utairudisha rangi "kidogo" na haitazimwa tena. Hakikisha kijivu hakiko kwenye njia ya mkato.

Hamu ikija, weka saa dakika 15 na usiipinge, iangalie tu inavyopanda na kushuka. Ikishuka kabla ya dakika 15 mara nyingi, ulikuwa na mazoea. Ikiwa haishuki, au inashuka na kurudi na nguvu zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, usikate tamaa mapema: tabia iliyokatiwa malipo huwa inapiga kelele kabla ya kufa. Wengi wanarudi siku hiyohiyo, na kwa kurudi wanaifundisha kwamba kelele hulipa.

#30 SinaBando
Fundi, "haishuki" na "inapiga kelele kabla ya kufa" utazitofautishaje ukiwa ndani?

#31 fundi_skrini
Hesabu kwa siku, siyo kwa ukali. Mara ngapi jana, mara ngapi leo. Idadi ikipungua huku ukali ukipanda, inakufa.

#32 Shuwari
Au mtu amechoka kuhesabu. Nimeona karatasi nyingi zinazopona siku ya 5.

#33 Mzee wa Logi
😄 Kweli. Ndiyo maana ya mtu wa pili.

#34 Kisoda
Nimechelewa. Swali dogo: kusikiliza maongezi kwa sikioni huku skrini imezimwa, kutwa nzima, hata kuoga na kupika. Ripoti inaonyesha dakika 50 tu. Inahesabiwa?

#35 ChuraKiziwi
Hapana. Mikono na macho viko huru, kazi inaendelea.

#36 Shuwari
Inahesabiwa, ikiwa ni kwa sababu ukimya hauvumiliki. Zima ukiosha vyombo mara 3 wiki hii uone kinachokuja kichwani.

#37 Bi Shubiri
Mimi ningeuliza kwanza wanaongea nini humo sikioni.